Elimu ya Dini Kidato cha Tano: Achukue au Aache?

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, maimamu na walimu wa madrasa hufikiwa na swali hili kutoka kwa wazazi na kwa vijana wenyewe: Je, aliyefaulu achukue Elimu ya Dini ya Kiislamu katika masomo yake ya kidato cha tano na sita, au aiache ashike masomo mengine? Zamani swali hili lilikuwa jepesi kidogo, kwani kwa wengi somo la dini lilikuwa la nyongeza, likisomwa pembeni ya mchepuo. Sasa mambo yamebadilika. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza tahasusi mpya 49 juu ya zile 16 zilizokuwapo, zikawa 65, na miongoni mwake zimo ambazo Elimu ya Dini ya Kiislamu ni moja ya masomo matatu yanayozijenga. Mwenye kuchagua leo anachagua njia ya miaka miwili, na mara nyingi anachagua pia mlango atakaoingilia chuo kikuu.

Majibu tunayoyasikia misikitini ni ya haraka. Wapo wasemao: "Achukue dini, dunia itamfuata." Na wapo wasemao: "Dini ataisoma madrasa jioni, shuleni asome kitakachompa kazi." Wote wana nia njema, lakini hakuna katika wao aliyeuliza hukumu ya jambo lenyewe. Nasi tumeonelea tulirejeshe swali hili mahali pake, yaani katika mlango wa elimu iliyo faradhi, kisha tuone kijana anabakiwa na nini cha kuamua.

Wanavyuoni wameigawa elimu ya faradhi mafungu mawili. Imam an-Nawawi (631–676 H.) ameueleza mgawanyo huo mwanzoni mwa kitabu chake al-Majmu'. La kwanza ni faradhi ya lazima kwa kila mtu, fardh ayn: itikadi sahihi, tohara, swala, funga, Zaka kwa mwenye mali, na hukumu za kila jambo analoliingia mtu. Afanyaye biashara imemlazimu ajue mauzo ya halali na ya haramu. Aoaye imemlazimu ajue haki za mke. La pili ni faradhi ya kutoshelezana, fardh kifaya, ambayo wakisimama nayo wenye kutosha, dhambi huwaondokea waliobaki, na wakiiacha wote, wote wenye uwezo hupata dhambi. Humo mna kuhifadhi Qur'an yote, fani za Hadithi, Fiqh kwa upana wake, kutoa fatwa na kuhukumu, na humo humo mna utabibu na hesabu.

Ukishaliona hilo, fungu kubwa la mjadala huanguka lenyewe. Fardh ayn haimo katika tahasusi yoyote. Kijana aliyechukua Fizikia, Kemia na Baiolojia anadaiwa tohara yake na swala yake sawasawa na aliyechukua Elimu ya Dini, na hakuna fomu ya Wizara inayomsamehe. Mzazi anayesema, "Mwanangu kachukua sayansi, dini tumewaachia wengine," ameacha deni la mwanawe bila mlipaji. Na mzazi anayesema, "Mwanangu anasoma dini kidato cha tano, basi tumemaliza," naye hajamaliza, kwani inawezekana kabisa kijana akaeleza vizuri kwenye karatasi sababu za Vita vya Uhud na asijue namna ya kusujudu sijda ya kusahau. Mtihani hupima alichoandika. Deni la swala analipimwa akiwa amesimama mbele ya Mola wake.

Basi somo la kidato cha tano liko katika mlango wa kifaya. Na hapa pana jambo la pili ambalo vijana hawaelezwi wazi: somo hili peke yake halimfanyi mtu kuwa mwanachuoni. Mwanafunzi hupewa ndani yake mafunzo ya Qur'an na Hadithi, Fiqh, tarekhe, na namna Uislamu unavyoyatazama mambo ya jamii. Ni mafunzo yenye faida, nasi tunaowafundisha wahitimu wake tunaona tofauti yao na wengine katika kupanga hoja. Lakini mwanafunzi anaweza kulipasi kwa alama ya juu na huku hawezi kusoma mstari mmoja wa Kiarabu usio na irabu. Na kitabu cha Fiqh kwa asiyejua Kiarabu ni kisima kisicho na kamba: maji anayaona, kuyateka hawezi. Kwa hiyo anayeingia njia hii kwa nia ya kuwa mtu wa elimu, na achague palipo na Kiarabu ndani ya masomo yake. Kama shule aliyopangiwa haina mwalimu wa Kiarabu, basi amtafute sheikh wa kumsomesha Nahau na Sarfu wakati wa likizo. Bila ya hivyo atafika chuo kikuu akiwa na cheti cha dini na kiu ile ile.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Sifa ya kifaya ni kwamba haimuulizi mtu anapenda nini tu. Inauliza pengo liko wapi na nani anaweza kuliziba. Hujjatul Islam Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 H. (1111), amelisemea hilo katika Kitabu cha Elimu cha Ihya kwa ukali unaostahiki kukumbukwa. Aliwatazama wanafunzi wa zama zake wakisongamana kwenye Fiqh, na hasa kwenye masuala ya khilafu na mijadala, na huku miji mingi haina tabibu ila wasiokuwa Waislamu. Akauliza: vipi mafaqihi wanaruhusu watu waliingilie jambo lililokwisha pata watu wa kutosha na kuliacha lisilo na mtu? Kisha akataja sababu, na haikuwa ya kupendeza: utabibu haumfikishi mtu kwenye kusimamia wakfu na wasia, kushika mali za mayatima na kupewa ukadhi.

Wapo wanaoyatumia maneno hayo kuwaondoa vijana kwenye dini. Huko ni kumgeuza Imam. Alichofundisha ni kupima, na mizani yake inafanya kazi pande zote mbili. Tuiweke leo katika miji yetu. Madaktari Waislamu bado ni haja, na hasa madaktari wa kike wa kuwahudumia wanawake wetu. Lakini tuulize pia: mtu akifa mtaani kwetu, nani anaigawa mirathi?

Tuchukue mfano usio wa ajabu hata kidogo. Mtu amefariki, akaacha mke, mabinti wawili, mama na ndugu yake wa kiume wa baba na mama, na mali iliyobaki baada ya mazishi, madeni na wasia ni shilingi 48,000,000. Mke ana thumni kwa kuwa marehemu ameacha watoto, mabinti wana thuluthi mbili, mama ana sudusi, na ndugu ni asaba, huchukua kilichosalia. Asili ya masuala ni 24: mke mafungu 3, mabinti 16, mama 4, ndugu 1. Kila fungu ni shilingi 2,000,000, basi mke anapata 6,000,000, kila binti 16,000,000, mama 8,000,000 na ndugu 2,000,000. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Pasipo na anayejua, huchukua miaka. Ndugu huja na kauli kwamba mwanamume ndiye mrithi wa nyumba, mabinti hutolewa, mama husahauliwa, na kesi huishia mahakamani kwa hakimu ambaye huenda hajapata kufungua kitabu cha Faraidh. Ni mitaa mingapi ina mtu wa kuifanya hesabu hii na kuieleza familia ikaridhika? Kila imamu aijibu nafsi yake.

Na tutazame mfano huo huo kwa upande mwingine. Aliyeigawa mali ile alihitaji Fiqh na alihitaji hesabu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha al-Jabr wal-Muqabala katika karne ya tatu ya Hijra, aliweka ndani yake sehemu kubwa ya masuala ya wasia na mirathi. Wanafunzi wetu wanaoikimbia aljebra kwa hoja kwamba wao ni watu wa dini wanaikimbia elimu iliyoandikwa na Muislamu kwa ajili ya mirathi pia. Hali ni hiyo hiyo katika mabenki. Tangu mwaka 2011 Tanzania ina Amana Bank, inayoendeshwa kwa misingi ya Sharia, na mabenki mengine yamefungua madirisha ya aina hiyo. Mtu wa kuukagua mkataba wa murabaha anatakiwa ajue mlango wa mauzo na ajue pia vitabu vya uhasibu. Aliyeshika kimoja tu atadanganywa kwa kile cha pili.

Hutajwa hapa kisa cha Imam an-Nawawi, nacho ni sahihi: aliwahi kutia nia ya kusoma utabibu, akainunua al-Qanun ya Ibn Sina, akaona moyo wake umeingia kiza na siku kadhaa hana la kufanya, akaiuza, nuru yake ikarudi. Wengine hukisoma kisa hiki kana kwamba ni fatwa ya kuharamisha utabibu. Vipi iwe hivyo, na ni yeye mwenyewe aliyeuhesabu utabibu katika faradhi za kifaya? Imepokewa kutoka kwa Imam ash-Shafii, imamu wa madhehebu yake, kwamba alisikitika kuona Waislamu wameupoteza utabibu na kuwaachia Mayahudi na Wakristo. Alichokipata an-Nawawi ni ujuzi wa nafsi yake: alijua kwamba yeye hakuumbiwa kazi ile. Ibn Rushd (520–595 H.) aliumbiwa zote mbili, akawa kadhi wa Seville na wa Cordoba, akatuachia Bidayatul Mujtahid katika Fiqh na al-Kulliyyat katika utabibu. Kijana anayeuliza aanze basi kwa kujitazama. Kama alipata alama nzuri katika Hisabati na Baiolojia, na kitabu cha dini humchosha kabla ya ukurasa wa tano, asitumbukizwe kwenye tahasusi ya dini kwa sababu babu yake alikuwa maalim. Na kama anakesha na vitabu vya Hadithi bila kusukumwa na mtu, asiburutwe kwenye Fizikia kwa sababu jirani kampeleka mwanawe huko.

Lakini kuna ada moja mbaya ambayo lazima tuiseme. Katika nyumba nyingi za Waislamu mtoto mwenye akili hupelekwa sayansi, na aliyefeli masomo mengine ndiye anayeambiwa, "Basi wewe kachukue dini." Tumefanya elimu ya Mtume (S.A.W.) kuwa jaa la masomo. Kisha miaka kumi baadaye tunakaa kwenye mikeka tukilalamika kwamba khutba za Ijumaa hazina maana, na kwamba vijana hawana wa kuwajibu wanapoulizwa maswali mazito vyuoni. Tuliowapeleka ni wale tuliokwisha wakatia tamaa sisi wenyewe. Kwa kijana mwenye uwezo wa yote mawili na moyo wake umeelekea kwenye dini, rai yetu haina mzunguko: achukue dini. Kwa hali tuliyonayo leo, pengo la upande huu ni kubwa kuliko anavyodhani, na wanaoliziba kwa uwezo wa kweli ni wachache.

Tunasema hivyo pia kwa mabinti. Wanawake wa Kiislamu wana masuala ya hedhi, nifasi, eda na ndoa ambayo huyameza kwa haya kuliko kumuuliza sheikh wa kiume. Bibi Aisha (R.A.) aliwafundisha Masahaba. Karima bint Ahmad al-Marwaziyya, aliyefariki mwaka 463 H., alisomesha Sahihi ya Bukhari Makka, na mwanachuoni mkubwa kama al-Khatib al-Baghdadi aliisoma kwake. Binti anayetaka njia hii na akazuiliwa kwa kuambiwa dini ni ya wanaume, anazuiliwa kwa ada tu.

Linabaki suala la wazazi, nalo ndilo linalotoa machozi. Mzazi mmoja alitujia na kijana wake baada ya swala ya Isha. Mama wa kijana amekwisha kataa, baba hajui aelemee wapi. "Maalim," alisema, "mimi ni fundi seremala. Huyu ndiye wa kwanza kufika hapa. Akisoma dini, nani atawalipia wadogo zake ada?" Kijana hakusema neno. Hilo si swali la kulijibu kwa kumkumbusha mtu kwamba riziki iko kwa Allah. Analijua. Anachouliza ni kama njia hii ina mlango wa kutokea.

Kwa upande wa Fiqh, Imam an-Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa pwani yetu yote, amesema katika mlango wa jihadi kwamba safari ya kutafuta elimu ya fardh ayn haihitaji idhini ya wazazi, na kadhalika ya kifaya kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Vijana wakiisikia hukumu hii huishika kama upanga. Basi wayasikie na masharti: washereheshaji wamesema njia iwe ya amani, na wazazi wasiwe wenye kumhitaji yeye kwa matumizi yao. Na kisha, hukumu ya kujuzu haikuamrisha kuvunja moyo wa mama. Tulimshauri kijana yule ampelekee mama yake jambo linaloshikika, si hoja za vitabu.

Jambo linaloshikika ni hili. Cheti cha kidato cha sita kinachompeleka mtu chuo kikuu nchini kwa kawaida kinatakiwa kiwe na ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini kila shahada huyataja masomo inayoyakubali, na Elimu ya Dini haikubaliwi kila mahali. Zaidi ya hayo, vyuo vingi vya cheti na stashahada huweka sharti la ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyokuwa ya dini. Haya ndiyo yaliyowaumiza baadhi ya vijana wetu: walichukua dini, wakafaulu, wakafika dirishani wakaambiwa alama ile haihesabiwi. Kabla ya kuchagua, kijana akae na mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, atafute shahada tatu anazozitamani, asome masharti yake neno kwa neno. Masomo mawili mengine ya tahasusi yake, yaani Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza au Kiarabu, ayasome kwa namna ambayo yakibaki peke yake yatamvusha. Milango ipo: ualimu, sheria, lugha, na masomo ya Sharia. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 2005, Zanzibar wana vyuo vyao, na Uganda kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu Mbale tangu mwaka 1988. Khartoum, iliyosomesha wengi wetu, imevurugwa na vita vilivyoanza Aprili 2023, na anayeitegemea aulizie hali kwanza.

Mzee wetu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912, alikuwa mwalimu katika shule za serikali za Unguja huku akisoma na kusomesha kwa mashekhe. Mshahara wake ulitoka kwenye kazi ya ualimu. Akawa Kadhi wa Zanzibar, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, na tafsiri yake ya Qur'an kwa Kiswahili ikatoka kamili mwaka 1969. Hakungoja aishi kwa dini ndipo aitumikie.

Hapo ndipo inapoingia nia. Haji Khalifa amesimulia katika Kashf adh-Dhunun kwamba ilipojengwa Nidhamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 459 H. (1067), wanafunzi wakapewa posho na walimu mishahara, wanavyuoni wa ng'ambo ya mto Jayhun waliweka matanga ya elimu, wakihofia kwamba sasa itatafutwa na wenye kutaka malipo. Hata hivyo ni Nidhamiyya hiyo hiyo aliyosomesha al-Ghazali, mpaka alipoitazama nia yake mwaka 488 H. akaona haikumsafia, akaondoka. Mshahara haukuharamishwa. Lakini ipo Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) kwa Abu Daud inayomtisha mwenye kujifunza elimu ya kutafutia radhi za Allah kwa ajili tu ya pato la dunia, kwamba hataipata harufu ya Pepo. Mwenye kuchagua somo hili kwa sababu amesikia ni jepesi na litampandishia daraja lake la ufaulu, aisome Hadithi hiyo kabla ya kujaza fomu. Jiografia haina kemeo la namna hiyo.

Akishajipima, akashauriana na wazazi na mwalimu anayemjua darasani, kisha aswali rakaa mbili za istikhara na aombe dua aliyoipokea Jabir (R.A.) kwa Mtume (S.A.W.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Asingoje ndoto, kwani Hadithi haikutaja ndoto. Aendelee na lile lililopata nguvu katika mashauri yake, na kama ni kubadilisha tahasusi, abadilishe mapema kabla ya muda uliowekwa kwisha.

Wallahu aalam.